Mkono wa Kushoto wa Bwana Ron

Wanangu, kabla hujamgusa mgonjwa, pasha mikono yako moto. Isugue, au iweke chini ya bomba la maji ya moto mpaka ikubali. Kila kijana anayekuja hapa kwangu Crystal, Minnesota, kuniuliza habari za kazi ya kuhudumia wazee huanza na shifti, usafiri, na kama bosi ni mkali. Kuhusu mikono hajaniuliza mtu. Lakini mzee aliyelala amefumba macho anakujua kwa mikono. Ikiwa ya baridi, ameshakuchukia kabla hujasema habari za asubuhi, na utakuwa naye mpaka jioni.

Mimi nilitoka Tukuyu nikijiona mtaalamu wa baridi. Kwetu asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Basi mwaka wangu wa kwanza hapa, mashine ya kukaushia nguo ikaharibika kwenye nyumba niliyokuwa nafanya kazi, nikafanya kama nyumbani: nikafua nguo za mzee mmoja nikazianika nje kwenye kibaraza. Ilikuwa Januari. Nilipozifuata, suruali yake ilikuwa ngumu kama ubao. Nikaiingiza ndani, nikaiegemeza ukutani nitafute pa kuiweka, na ikasimama yenyewe, miguu miwili, kiuno wazi, kama mtu asiye na kifua. Mwenyewe alipoamka na kuiona aliniuliza kwa upole, "Huyo ni nani?" Dorothy, mama aliyenifundisha kazi, alicheka hadi akakaa sakafuni.

Huyo Dorothy ndiye aliyenifundisha mengi ninayowaambia. Mlishe mtu wa kiharusi kwa upande wake mzima. Akimeza, subiri uone koo limeshuka ndipo uchote kijiko kingine. Usiongee juu ya kichwa chake na mwenzako kana kwamba yeye ni kabati. Na chochote utakachokiona chumbani mwake ambacho hukielewi, usikimbie. Maliza kwanza kumfunika.

Hilo la mwisho nililiona ni la ajabu mpaka nilipokutana na Bwana Ron.

Najua mnanong'ona habari zake kanisani, maana Furaha, mwenzangu wa kazini, hajui kunyamaza. Kila mara hadithi inarudi kwangu imeongezwa mkia. Sasa nimestaafu, sina shifti ya kuwahi, kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Tulikuwa tunafanya kazi mimi na Furaha, mama Mkongo wa Uvira, katika nyumba ya chini kwenye mtaa tulivu, nyumba ya kawaida tu iliyogeuzwa makao ya wazee wachache. Bwana Ron aliletwa mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa Mwingereza, mrefu, aliyekuja Minnesota ujanani akaoa hapa na kufanya kazi ya kupima barabara hadi uzee. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia wote na karibu maneno yote. Alibaki na "ndiyo", "hapana", na neno moja ambalo mwanzoni hatukulielewa: "Skelby."

Alilisema kila asubuhi, akitazama dirishani. Furaha alidhani anaomba maziwa.

Binti yake, Susan, ndiye aliyetueleza. Alikuwa mtoto wake wa pekee, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ofisini kwenye hospitali moja mjini Minneapolis na kuishi Champlin, karibu na mto.

"Skelby ni mji aliozaliwa," alisema. "Na ni timu ya mpira ya mji huo. Iko daraja la nne huko Uingereza. Haijawahi kushinda chochote cha maana, Mama Tusa, lakini baba yangu haijui timu nyingine."

Alileta tableti akaiweka kwenye kimeza cha kitanda. Kila Jumamosi timu ilipocheza, tulifungua matangazo ya redio ya huko kwa intaneti. Kwao mechi huanza saa tisa alasiri, kwetu ni saa tatu asubuhi, wakati wa kuogesha na kunyoa. Susan alituonyesha pa kubonyeza, akavaa koti aondoke.

"Hukai usikilize naye?" nikamuuliza.

Akasimama mlangoni. "Nikiwa mdogo, Jumamosi asubuhi alikuwa anajifungia gereji na redio. Nilikuwa nagonga. Hakufungua hata siku moja." Kisha akaenda zake.

Mimi mpira sikuujua. Nilijua tu kwamba wanaume wa kwetu wanapiga kelele kwa sababu yake. Lakini sauti ya yule mtangazaji wa Skelby niliipenda. Alikuwa mzee, mpole, anakohoa, na timu ilipofanya ujinga alikuwa anahema tu, kama mama aliyeona mtoto amemwaga uji tena. Nikajifunza kona, nikajifunza kuotea. Nikajifunza pia kwamba msimu ule Skelby walikuwa wanacheza vibaya kuliko kawaida yao, na kwamba wakimaliza mkiani watashuka daraja, kitu ambacho hakikuwahi kuwapata tangu Bwana Ron azaliwe.

Siku ya kwanza kuliona jambo lake ilikuwa vuli, majani ya nje yamekuwa mekundu. Nilikuwa namnyoa. Kwa mtu wa kiharusi, vuta ngozi ya upande uliolegea kwa vidole viwili, polepole, maana yeye hasikii wembe pale. Nilikuwa hapo hapo, chini ya taya, mara mkono wake wa kushoto ukapanda juu wote, umenyooka, kiganja wazi. Nusura nimkate.

"Bwana Ron," nikamwambia, "ukitaka kuniitia polisi ngoja nimalize."

Nikasuuza wembe kwenye bakuli, nikaufuta, nikaanza upya. Ndipo mtangazaji akapaza sauti: Skelby wamefunga. Bwana Ron alikuwa bado ameinua mkono.

Sikuwaza kitu. Nilidhani ameisoma sauti ya mtangazaji, kama watu wa mpira wanavyoweza kunusa goli linakuja. Jumamosi iliyofuata wakafungwa. Safari hii aligeuza uso akauelekeza ukutani, nami nikamfunga vifungo vya shati, nikamchana nywele, ndipo nikasikia kwenye tableti kwamba wapinzani wamepata bao. Hapo nilisimama na kitana mkononi.

Nilimwita Furaha Jumamosi nyingine aangalie bila kumwambia chochote. Tulisimama miguuni pa kitanda. Mkono ukapanda. Kwenye tableti mtangazaji alikuwa anaongelea hali ya nyasi. Tukangoja. Furaha akanitazama, nikamwambia subiri. Kisha bao likatangazwa.

"Maman," Furaha akasema taratibu, "uyu muzee anaona."

Kijana mmoja wa chuo pale kanisani, mliokuwepo mnamkumbuka kwa miwani yake, alinieleza kwamba sauti ya intaneti huwa inachelewa. Goli likifungwa Uingereza, sisi tunalisikia baada ya muda. Nilifurahi sana. Nikamwambia Furaha kwamba Bwana Ron hatabiri chochote, kinachochelewa ni mashine.

Furaha alikuwa anakunja shuka. "Sawa," akasema. "Mashine inachelewa. Yeye anapata habari kwa nani?"

Niliendelea kukunja mashuka upande wangu.

Baridi ilipokomaa, theluji ikafika kwenye vizingiti vya madirisha. Mnajua hita za huku zinavyokausha hewa: midomo inapasuka, ukigusa kitasa cha mlango unapigwa na umeme, ngozi za wazee zinachanika kama karatasi usipozipaka mafuta asubuhi na jioni. Katika nyumba ile hakukuwa na unyevu popote. Jumamosi moja mechi ilikuwa inaendelea, nikaingiza mkono nyuma ya kichwa cha Bwana Ron nimwekee mto vizuri, na nywele zake zilikuwa zimelowa.

Nimeshika jasho la wagonjwa maisha yangu yote. Jasho la homa lina joto, linateleza, lina harufu. Haya yalikuwa maji, ya baridi, safi, kama ya mtu aliyetoka nje. Mabega ya pajama yalikuwa yamelowa pia. Nikageuza mto: mkavu kabisa. Nikatazama dari: kavu. Yeye alikuwa ametulia, macho wazi, anatazama mbele kwa mbali, kama mnavyotazama mkiwa uwanjani, si kama mtu anavyotazama ukuta ulio karibu naye.

Na yule mtangazaji akakohoa, akasema, "Kwa mnaotusikiliza nyumbani, mvua hapa Skelby imezidi, watu wa jukwaa la mashariki hawana pa kujificha."

Nilimkausha nywele. Nikambadilisha pajama. Nikamfunika. Nilimaliza yote, kama Dorothy alivyonifundisha, ndipo nikatoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za chumba cha kufulia.

"Mama Tusa, miye mule siingie tena le samedi," Furaha akasema nilipomweleza. Na kweli hakuingia. Jumamosi zikawa zangu peke yangu. Aliniombea akiwa jikoni, nami nilimsikia, na sitawaficha kwamba nilifarijika.

Mtaniuliza kama niliogopa. Niliogopa. Lakini fikirini: mtu yule alikuwa ananiumiza nini? Baada ya mechi alikuwa mzee wangu yule yule anayependa chai yenye maziwa mengi. Nilichoogopa hasa ni jinsi alivyokuwa anaondoka. Saa tatu ikifika, hata kabla sijabonyeza tableti, mkono wake niliokuwa nimeushika unakuwa mzito, kama wa mtoto anapopitiwa na usingizi mgongoni. Unamwita haitikii. Mechi ikiisha anarudi, ananitazama, na inamchukua muda kunijua. Kila Jumamosi ule muda ukawa unaongezeka.

Na Skelby walizidi kufungwa. Siku waliyofungwa, hali chakula. Kesho yake hali. Nilimtengenezea uji laini, nikamwekea sukari zaidi ya ruhusa, anafunga mdomo. Mifupa ya nyonga ikaanza kuonekana, nikawa namgeuza mara kwa mara asipate vidonda. Daktari akasema moyo umechoka, na watu wa hospisi wakaanza kuja, wale ambao kazi yao ni kumsindikiza mtu asiteseke.

Hapo ndipo Susan alipokuja na wazo lake. Alikaa jikoni na sisi, macho yamevimba.

"Nimepata mechi za zamani," alisema. "Zimerekodiwa. Miaka waliyoshinda. Jumamosi mfungulieni hizo. Hataona tofauti, mtangazaji ni yule yule. Sitaki baba yangu afe kwa njaa kwa sababu ya timu ya mpira."

Furaha alinitazama. Nikasema, "Susan, baba yako si mtu wa kudanganywa kirahisi."

"Mama Tusa, hajui hata leo ni siku gani."

Alikuwa binti yake, na alikuwa anampenda. Nikamwambia, "Basi njoo ukae naye wewe mwenyewe siku hiyo." Sikumweleza mengine. Ningeanzia wapi?

Alikuja. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji yanadondoka kwenye paa. Nilifungua mechi ya zamani kama alivyotaka, Susan akavuta kiti upande wa mkono mzima. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa na baba yake mpira ukichezwa. Tukasikia Skelby wanafunga bao. Yule mtangazaji, sauti yake ikiwa ya ujana zaidi, alikuwa anaimba kwa furaha. Bwana Ron hakuinua mkono.

"Baba, wamefunga," Susan akasema, anatabasamu.

Hakuna kitu. Macho yalikuwa mbali. Kwenye tableti watu wanashangilia, na katikati ya shangwe zile Bwana Ron akageuza uso akauelekeza ukutani.

Susan alidhani amechoka. Baada ya kitambo uso ukarudi. Tableti ikatangaza bao jingine la Skelby, yeye ametulia. Halafu hapakuwa na tukio lolote, mpira umetoka nje tu, na uso ukaenda ukutani tena. Kisha mara ya tatu. Safari hiyo chozi lilitoka kwenye jicho la upande uliokufa, lile ambalo wauguzi walisema halitoi machozi.

"Anafanya nini?" Susan aliniuliza.

"Tafuta matokeo ya leo," nikamwambia. "Ya mechi yenyewe."

Alitoa simu. Skelby walikuwa ugenini na wamekwisha kufungwa mabao matatu kwa bila. Alitelezesha kidole aone mabao yaliingia dakika zipi, akatazama saa ya ukutani, akatazama baba yake, na rangi ikamtoka usoni. Akainyoosha ile simu kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeyafunga.

"Tangu lini?"

"Tangu vuli."

Nilidhani ataondoka. Watu wengi wangeondoka, na sisi tungewaelewa. Badala yake aliizima tableti, akausogeza mdomo karibu na sikio la baba yake.

"Samahani, baba," alisema. "Sitakufungia nje tena."

Tangu siku ile alikuja kila Jumamosi. Alimshika mkono wa kushoto, na mkono ukipanda, wake nao ulipanda. Uso ukienda ukutani, alizunguka kitanda akachuchumaa upande ule, ili baba yake akutane na uso wa mtu badala ya rangi ya ukuta. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mimi nililiiba kwake na nimelitumia kwa wagonjwa wengine tangu hapo.

Bwana Ron akaanza kula tena. Kidogo, lakini alikula, hata wiki za kufungwa. Nesi wa hospisi alisema hajui ni nini kinachomshikilia, kwa vipimo vyake mtu huyu angekuwa amekwenda kabla ya Pasaka. Sisi tulijua. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa bado, mwanzoni mwa Mei, Skelby nyumbani. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwangu: wakishinda wanabaki, vinginevyo wanashuka.

Alhamisi ya wiki ile aliacha kumeza. Ijumaa miguu yake ikawa na madoa ya zambarau kwenye nyayo. Mkiyaona hayo, vijana, mpigieni ndugu simu bila kuchelewa, na msijifanye kuongea kwa matumaini. Nilimpigia Susan nikamwambia njoo. Alilala kwenye kiti.

Jumamosi jua lilitoka vizuri. Miti ya mtaani ilikuwa imeanza kijani kile chepesi. Nilimwosha uso, nikamlowesha midomo kwa kijiti cha sifongo, nikamvisha skafu ya timu aliyoileta Susan, ya rangi ya damu ya mzee na nyeupe. Saa tatu ikafika na mkono ukawa mzito. Pumzi zilikuwa za kuachana: anavuta, ananyamaza mpaka unadhani basi, anavuta tena.

Hata Furaha alitoka jikoni akaingia. Alisimama karibu na mlango, rozari mkononi, akasema, "Leo siwezi kubaki cuisine."

Kipindi cha kwanza hakuna bao. Cha pili hakuna bao. Chumba kilikuwa kinanuka nyasi mbichi, kama zilizokatwa muda huo huo, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nilimwona Susan ananusa. Mtangazaji alikuwa amekauka sauti. Alisema zimeingia dakika za nyongeza, na kwamba watu uwanjani wamesimama wote, hawaimbi, wamesimama tu.

Mkono ukapanda.

Ulipanda juu kuliko siku zote, umenyooka, na wa Susan juu yake. Mdomo wake ulifunguka, na upande uliolegea ukanyanyuka ukawa sawa na mwenzake, na kwa mara ya kwanza niliona sura aliyokuwa nayo ujanani. Akatoa pumzi ndefu. Nikangoja aivute nyingine. Niliweka vidole viwili shingoni mwake, nikangoja.

"Susan," nikasema.

"Najua," akasema. Alikuwa bado ameushikilia ule mkono juu, maana wenyewe haukuwa na nguvu tena.

Ndipo kwenye tableti ikapigwa kona. Ndipo mtangazaji akaanza kupayuka, sauti imekatika kabisa, wamefunga, wamefunga, Skelby wamefunga, na kelele za watu zikakijaza chumba, na Susan akawa analia na kucheka pamoja, anambusu baba yake kwenye paji la uso. Furaha naye alikuwa analia.

Kisha kelele zikaanza kupungua, kutokea upande mmoja kwenda mwingine. Mtangazaji akasema, "Ngoja." Akakohoa. Mshika kibendera alikuwa ameinua kibendera. Mfungaji alikuwa ameotea. Bao limekataliwa.

Mechi iliisha hivyo. Skelby walishuka daraja. Mtangazaji aliwashukuru wasikilizaji kwa msimu mzima, na Susan akanyoosha kidole akazima. Tulikaa pale, watatu na yeye. Harufu ya nyasi ilikuwa imetoweka, chumba kinanuka sabuni yangu tu. Niliulaza mkono wa Bwana Ron kifuani, ukiwa bado na joto, na nikafungua dirisha.

Nesi wa hospisi alifika, akamsikiliza kifua, akamfumba macho kwa heshima. Akatoa kalamu, akauliza alifariki wakati gani. Nikageuka kutazama saa ya ukutani, lakini Susan aliwahi kujibu.

"Kabla ya kibendera," alisema.

Nesi akanitazama mimi.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kabla ya kibendera."